Mahame ya Gaeni

Nchi yenyewe inaitwa Tutaona. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake huchapwa upya kila baada ya uchaguzi na hakuna mbili zinazofanana. Jina hilo walilipata siku ya uhuru, pale kiongozi wao wa kwanza alipoulizwa atawafanyia nini wananchi wake, naye akajibu kwa neno hilo moja, akaenda zake kula. Ni nchi ya amani, hilo niliseme mapema nisije nikaitwa mchochezi. Watu wake ni wasikivu sana. Asiyesikia huwa haonekani tena, kwa hiyo kila wanapohesabiwa hukutwa ni wasikivu wote.

Katika nchi hiyo Sihaba Mtandi alikuwa ameajiriwa kuwa Mpimaji wa Mambo ya Kale, Daraja la Tatu, katika Wizara ya Kumbukumbu na Usahaulifu. Usicheke. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ili zitumie jengo moja, na tangu hapo zinaelewana kuliko mume na mke: ghorofa ya juu inaandika, ya chini inachoma. Sihaba alikaa ghorofa ya juu miaka kumi na mmoja. Alikuwa mtu wa vigae. Mpe kipande cha chungu kilichovunjika kabla babu wa babu yako hajazaliwa, atakigeuza, atakinusa, atakipitishia kidole ukingoni, halafu atakwambia kilipikiwa nini. Zaidi ya hapo hakuwa na makuu, wala hakuwahi kumdhuru mtu.

Ikatokea serikali ikataka kujenga Njia Kuu ya Nuru. Nguzo za chuma zitoke Bwawa la Ushindi, zivuke mikoa mitatu, zifike Ikulu ya Mapumziko, ambako taa elfu nne zilikuwa zimekwisha kufungwa zikingoja. Vijiji vya njiani havikusahaulika. Vilitengewa kivuli cha nyaya. Waziri wa Nuru alilieleza jambo hili vizuri sana siku ya uzinduzi, akiwa jukwaani chini ya feni iliyokuwa ikizungushwa na askari wawili wenye kanyagio.

"Ndugu wananchi," alisema, "umeme huu ni mkubwa, na mkubwa hapiti akipiga hodi kwa kila kibanda. Nyinyi mtakaopitiwa juu mjivune, maana wako wenzenu ambao hawatapitiwa hata juu."

Watu wakapiga makofi. Waliochelewa kupiga waliandikwa majina.

Sasa, wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameweka sharti. Walisema nguzo hata moja isisimame kabla njia nzima haijakaguliwa mambo ya kale, isije ikaharibu urithi wa binadamu. Kuhusu binadamu wenyewe hawakuuliza, labda karatasi iliwaishia. Basi Wizara ikatunga Fomu Namba Saba, na fomu hiyo ilikuwa na visanduku viwili: KALE na SI KALE. Chini yake palikuwa na mstari wa kujaza hali ya kilichoonekana. Sheria ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeielewa. Penye kitu cha kale, nyaya zipinde. Penye kitu kisicho cha kale, kitu kipishe.

Sihaba akapewa ungo wa kuchekechea udongo, jembe, mita na rundo la fomu, akaambiwa afuate vigingi vya njia ya nguzo. Kila baada ya hatua mia anachimba shimo, anachekecha, anahesabu alichokipata, anakichora, anakitia mfukoni na namba yake. Alitembea hivyo wiki tano. Aliipindisha njia mara mbili, mara moja kwa ajili ya tanuri la chuma la watu waliosahaulika, mara nyingine kwa ajili ya kaburi ambalo ndani yake hapakuwa na mtu. Halafu akafika Gaeni.

Gaeni ni kijiji cha wafinyanzi, nyumba sitini na tatu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na majirani walipowatania kwa methali hiyo, wao hawakununa, wakaifanya jina la kijiji. Sihaba alikuta kila mlango umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Wapimaji wa nguzo walikuwa wamekwisha kupita. Watoto wa pale waliijua X kabla ya A.

Alifikia kwa Bi Semeni, mama wa makamo, mjane, mwenye mikono myekundu ya udongo mpaka viwikoni na ulimi usiokuwa na breki. Sihaba aliamkia, akaitikiwa, akaandaliwa kigoda. Asubuhi yake alipoanza kuchimba nyuma ya jiko, Bi Semeni alikuja akasimama, akajishika kiuno, akauliza amesomea miaka mingapi hadi akafuzu kuchekecha takataka zake. Kigae cha kwanza kilipotoka, alicheka akasema hicho ni cha juzi, kimeangushwa na mbuzi. Cha pili kilikuwa cha marehemu mama yake. Cha tatu kilitoka shimo likiwa limefika kiunoni, kwenye udongo mweusi chini ya tabaka la mchanga wa mafuriko makubwa, na hapo Bi Semeni akaacha kujishika kiuno, akainama kutazama.

Sihaba alikipangusa kwa upindo wa kanga. Kilikuwa na alama ndogo za ukucha ukingoni, tatu, halafu nafasi, halafu tatu tena. Akageuka kukitazama chungu kilichokuwa jikoni kikichemsha maharage. Tatu, nafasi, tatu.

"Nani kakufundisha kuruka hapo?" aliuliza.

"Mama. Naye kafundishwa na mama yake. Ukucha wa kidole cha mwisho, mara tatu, halafu unauacha mkono upumue. Usipouacha upumue, chungu kinapasuka motoni." Bi Semeni akakichukua kile kigae, akakipima kwenye kidole chake kidogo. Ukucha uliingia kwenye alama bila kusumbua. "Huyu naye alikuwa na mkono mdogo," alisema.

Sihaba alijua tabaka lile. Lilikuwa la miaka mia tisa. Alikaa chini kando ya shimo, na machozi yakamtoka, maana katika kazi yake yote alikuwa amezoea kuokota watu waliokatika. Hawa hawakukatika. Miaka mia tisa mkono ule ulikuwa ukipokezana, mama kwa binti, bila kuangusha hata ukucha. Na hilo, kwa mujibu wa sheria, ndilo lililokuwa kosa la Gaeni. Kitu ambacho bado kinaendelea si cha kale. Laiti wangekuwa wamekufa, hakuna ambaye angewagusa.

Alilala kwa Bi Semeni siku tisa akikizunguka kisanduku kile cha KALE kama paka anavyozunguka maziwa ya moto. Siku kumi na nne zikipita, matingatinga yangekuja. Nguzo moja ilikuwa imepangwa kusimama katikati ya shimo la udongo wa kufinyangia, na udongo ule haupatikani kwingine. Walikwisha kujaribu wa mtoni, ukawa unapasuka. Fidia ilikuwa mche mmoja wa mti kwa kila kaya na cheti cha uzalendo.

Siku ya kumi alimweleza mwenyeji wake. Kwamba anaweza kuandika kijiji kizima ni cha kale, na nyaya zitapinda, lakini kwa sheria kilicho cha kale ni kile kilichokwisha.

"Basi andika tumekwisha," alisema Bi Semeni akiendelea kukanda udongo. "Tumeandikwa mabaya kuliko hayo."

Kijiji kikaitwa, kikakubali, kikacheka. Mtu mmoja tu, Mzee Ngwali, ambaye kazi yake ilikuwa kuchoma vyungu na kuhofia mvua, aliuliza neno likishaandikwa serikalini hufutwa na nani. Akaambiwa asilete nuksi.

Sihaba akatia alama kwenye KALE. Likabaki suala la kukiita kijiji kitu gani. Mwongozo ulisema "magofu" ni pale penye kuta za mawe tu, na nyumba za Gaeni zilikuwa za udongo na miti. Pasipo na mawe panaitwa mahame, yaani mahali palipohamwa. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mahame ya Gaeni, makazi ya wafinyanzi, miaka mia tisa. Neno lilimpendeza. Kwenye mstari wa hali akaandika "nzuri sana".

Nyaya zikapinda. Wallahi zilipinda. Mafundi walikuja wakang'oa vigingi, wakavisogeza mbali ng'ambo ya bonde, na kijiji kikapiga vigelegele hadi jua likazama. X zikafutwa milangoni kwa maji na majivu. Sihaba akaandikiwa barua ya pongezi na kupandishwa hadi Daraja la Pili, na Bi Semeni akampa chungu kidogo cha mkononi, cha mboga. Siku hiyo aliona kwamba amefanya jambo jema kuliko yote maishani mwake, na mimi sina neno la kumpinga.

Mwezi uliofuata mwalimu mkuu wa Gaeni alihamishwa, kwa kuwa mahame hayana wanafunzi. Mwezi wa pili zahanati ikafungwa, na mganga akaambiwa aandike alikuwa akimtibu nani muda wote ule. Njia ya basi ikafutwa. Majina ya wanakijiji yaliondolewa kwenye kila daftari la serikali isipokuwa la wapiga kura, kwa sababu katika Tutaona wafu hawajawahi kunyimwa haki hiyo. Mtoto mmoja alizaliwa, na karani wa vizazi wilayani akakataa kumwandika. Hakuwa mtu mbaya, karani yule. Alitafuta kila njia, na mwisho akamshauri baba ampeleke mtoto makumbusho.

Mwezi wa tatu ukaja uzio wa seng'enge, na mlinzi, Bwana Chande, mtu wa mbali, na kibao kikubwa cha bati getini chenye maandishi meupe: USIGUSE. USIOKOTE. USIISHI. Chande alikuwa ameelekezwa asijibu salamu, kwa maana mahame hayasalimii. Bi Semeni alimwamkia kila asubuhi kwa makusudi, naye kila asubuhi aliinua macho akatazama mawinguni, masikini, jasho likimtoka.

Kuchimba udongo kukawa ni uharibifu wa eneo la kale. Kuwasha moto kukawa ni uharibifu wa tabaka. Bi Semeni, ambaye hakuwa na kazi nyingine duniani, aliendelea kufinyanga. Akaletewa mashtaka ya kughushi mambo ya kale, makosa sabini na nane, kila chungu kosa lake. Ushahidi ulikuwa mzito: vyungu vyake havikuwa na tofauti yoyote na vile vya miaka mia tisa iliyopita, na hilo lilithibitishwa na fomu na michoro ya mtaalamu wa serikali, Sihaba Mtandi, Daraja la Pili.

Sihaba aliposikia hilo hakungoja kuitwa. Alipanda ngazi za Wizara mpaka kwa Mkurugenzi Dede.

Mkurugenzi alikuwa akimenya karanga. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kupandisha sauti, na wafanyakazi walimwogopa kwa hilo. Sihaba alisema amekosea, anaomba arudishiwe fomu asahihishe. Pale wanaishi watu mia tatu na kumi na wawili, anawajua kwa majina, na wengine wameanza kuugua.

"Sihaba, binti yangu," Mkurugenzi alisema, "fomu haisahihishwi. Fomu ikishagongwa mhuri, kinachosahihishwa ni kile kilichoandikiwa fomu."

"Lakini watu wapo, mzee. Wapo."

"Sijasema hawapo. Nasema hawakuandikwa." Akapuliza maganda mezani. "Na neno ulilolichagua ni zuri. Nilipolisoma nilimwambia mke wangu, tuna binti anayeijua lugha. Ungeandika magofu, ungetutia taabuni, maana gofuni mtu anaweza kujibanza. Lakini mahame! Mahame ni lazima watu wawe wamehama."

Sihaba akauliza wahamie wapi.

"Hilo fomu haikuuliza."

Kisha akamweleza, kwa upole uleule, kwamba wafadhili wameupenda sana mpindo wa Gaeni, wanakuja wiki hiyo kuyaona mahame kwa macho yao, na Sihaba ndiye atakayewatembeza. Kwa hiyo ataingia semina ya siku nne ya mapokezi ya wageni. Semina ilifanyika chumba cha ghorofa ya chini, ile inayochoma. Alikuwa mwanafunzi peke yake. Alifundishwa namna ya kunyoosha mkono kuonyesha kitu, namna ya kusema "huenda", na namna ya kutabasamu mgeni anapokosea jina la nchi. Simu yake ilitunzwa mapokezi. Mlango ulifungwa kwa nje, kwa ajili ya usalama wa chaki.

Hizo siku nne hakula vizuri wala hakulala. Alikuwa akijiambia kwamba serikali ya Tutaona haijawahi kufanya jambo lolote kwa wakati, barabara iliwashinda, maji yaliwashinda, kwa nini hili wawahi. Alishika tumaini hilo kwa mikono miwili, na huo ndio ubaya wa kuwazoea wazembe: mtu anasahau kwamba ziko kazi wanazozijua.

Siku ya tano saa nne asubuhi msafara ulisimama getini. Wageni walikuwa sita, wenye kofia pana. Chande akapiga saluti. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na kuku, hapakuwa na nguo kambani, na milango yote sitini na tatu ilikuwa wazi. Vyungu vilipangwa kwa safu uwanjani, kila kimoja na kikaratasi cha namba. Sihaba aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake, umeigwa, na aliyeuiga alikuwa na mkono mzuri.

Akamsogelea Mkurugenzi, akamuuliza kwa sauti ndogo watu wako wapi.

"Wamehama."

"Lini?"

"Kwa mujibu wako," alijibu Mkurugenzi Dede akitabasamia wageni, "miaka mia tisa iliyopita."

Walipita nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Semeni, mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliinama jikoni kulitazama figa, akagusa majivu, akaurudisha mkono haraka. Alikunja uso. Akamgeukia Sihaba, akauliza kwa kupitia mkalimani wa Wizara makazi haya yaliachwa lini hasa.

Wote wakamtazama. Nje ya uzio, nyuma ya gari la mwisho, palisimama lori lenye turubai, alama za mikono ya udongo zikiwa ubavuni, injini ikinguruma pole pole. Sihaba aliliona. Kinywani neno "huenda" lilikuwa limejiandaa kama alivyofundishwa. Lakini chungu kibichi cha mboga kilikuwa kimesimama pale penye figa, ukingo wake umefinyangwa nusu, alama tatu, nafasi, alama mbili.

"Jana," alisema. "Au alfajiri ya leo. Walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili, na mimi ndiye niliyewaandika wamehama. Waulizeni hawa wamewapeleka wapi."

Mkalimani akamtazama Mkurugenzi, halafu akawageukia wageni akazungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ya kusisimua, akipiga mikono hewani kama mtu anayekanda udongo. Wageni wakaguna kwa mshangao. Mmoja akaandika kwenye daftari. Yule mama mwenye miwani aliutazama tena mkono wake, akaupangusa kwenye suruali, akamshukuru Sihaba kwa kichwa, wakatoka.

Alitaka kuwafuata. Chande alikuwa amesimama mlangoni, hakumzuia, hakusogea tu. Milango ya magari ikasikika ikifungwa, moja baada ya nyingine. Mkurugenzi Dede alirudi peke yake hadi uwanjani, akachagua chungu kimoja, akakiweka kwapani.

"Bwana Chande," aliita, "kuna mtu amebaki humo ndani?"

Chande alimtazama Sihaba usoni. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba asiulizwe mara ya pili.

"Hakuna mtu, mzee," alisema.

Geti likafungwa, mnyororo ukapitishwa. Msafara ukaondoka na vumbi lake, lori likiufuata nyuma, na kijiji kikabaki kimya kiasi kwamba angeweza kusikia nyaya zikiimba upande wa pili wa bonde. Sihaba aliketi kwenye kigoda cha Bi Semeni, akafungua mkoba, akatoa fomu zilizobaki. Kwenye ya kwanza akaandika Semeni binti Mkomwa, mfinyanzi, na kwenye mstari wa hali akaandika "hai". Kwenye ya pili akaandika Ngwali, mchomaji vyungu, hai. Fomu zilipokwisha akageukia migongo yake. Alimwandika hata yule mtoto aliyekataliwa na karani, na kwa kuwa hakuwa na jina bado, akamwandika "mtoto, hai".

Alikuwa amefika mtu wa mia na sita aliposikia lori likirudi.